Taya la juu linapodumaa: jinsi mfupa wa uso wa mtoto unavyovutwa taratibu

Katika hospitali za vyuo vikuu mjini Brussels, mtoto aliyezaliwa na mdomo wa sungura huanza kufuatiliwa akiwa bado mchanga, na huendelea kufuatiliwa mpaka anapokaribia umri wa miaka 20. Wazazi wengi, wakiwemo waliotoka Afrika Mashariki na Kongo, hudhani kwamba kazi imekwisha siku ile mdomo na kaakaa vinaposhonwa. Miaka minane au kumi baadaye huambiwa jambo ambalo hawakulitarajia: taya la juu la mtoto wao halikui sawasawa na la chini, na huenda likahitaji kuvutwa mbele.

Neno hilo "kuvutwa" huwashtua. Makala haya yanaeleza maana yake, vifaa vinavyotumika, umri unaofaa, na sababu zinazowafanya madaktari wenyewe wasikubaliane juu ya wakati wa kuanza. Yanaeleza pia njia moja iliyobuniwa Brussels, ambayo huwaepusha baadhi ya watoto na upasuaji mkubwa.

Mfupa uliobanwa katikati ya uso

Andreas Vesalius, baba wa elimu ya kisasa ya viungo vya mwili, alizaliwa Brussels mwaka 1514, na sanamu yake imesimama hadi leo katika uwanja wa Place des Barricades. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1543 alipinga mafundisho ya Galen, tabibu wa kale aliyeheshimiwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, kwamba taya la chini la binadamu ni mifupa miwili. Galen alikuwa amepasua zaidi nyani na wanyama wengine. Vesalius alipasua maiti za watu, akaona kwamba kwa mtu mzima mfupa huo ni mmoja.

Taya la juu ni habari nyingine. Lina mifupa miwili iliyokutana katikati ya kaakaa, nayo imebanwa kati ya mifupa ya mashavu, pua, macho na sehemu ya chini ya fuvu. Taya la chini huning'inia kwenye viungo vyake viwili mbele ya masikio, na kwa hiyo hutembea. La juu halitembei. Kwa mtoto, hata hivyo, mishono inayoliunganisha na mifupa jirani bado haijakaza, na hapo ndipo mfupa mpya huongezeka anapokua. Mishono hiyo ndiyo tumaini la matibabu yote yanayoelezwa hapa, na kukaza kwake ndiko kunakoufunga mlango.

Taya la juu lililodumaa hutambulika mtoto anapotazamwa kwa upande. Sehemu ya kati ya uso huonekana imeingia ndani, mdomo wa juu umelala, na meno ya chini hutangulia ya juu mtoto anapouma. Watu humwambia kwamba ana kidevu kirefu, ilhali mara nyingi kidevu hakina kosa lolote.

Sura peke yake si sababu ya kumpeleka mtoto chumba cha upasuaji. Yako mambo mazito zaidi. Meno yasiyokutana hayatafuni vizuri. Herufi zinazohitaji mdomo wa chini kugusa meno ya juu, kama f na v, hupinda. Njia ya hewa iliyo nyuma ya pua huwa finyu, mtoto akakoroma usiku, na katika hali kali pumzi yake hukatika kwa sekunde kadhaa akiwa usingizini. Mtoto wa namna hiyo huamka amechoka na kusinzia darasani, naye mwalimu humwita mvivu.

Kwa nini hutokea

Duniani kote inakadiriwa kwamba takriban mtoto mmoja katika kila 700 huzaliwa na mpasuko wa mdomo, wa kaakaa, au wa vyote viwili. Hili ndilo kundi kubwa zaidi la watoto wenye taya la juu lililodumaa. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, karibu robo ya waliozaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa hatimaye huhitaji taya lao kusogezwa.

Lakini ni mpasuko wenyewe unaodumaza taya, au ni matibabu yake? Swali hili lilipata jibu la kushangaza nchini Sri Lanka. Huko Michael Mars, mtaalamu wa meno kutoka Uingereza, alipima nyuso za watu walioukua bila kushonwa kamwe. Katika utafiti aliouchapisha na mwenzake mwaka 1990, ilionekana kwamba taya la juu la watu hao lilikuwa limekua karibu kama kawaida. Kinachozuia ukuaji, kwa sehemu kubwa, ni kovu linalobaki juu ya kaakaa baada ya kushonwa. Kovu ni gumu, halikui, nalo hulishika taya kama kamba iliyofungwa kwenye mche.

Habari hii ikisikika nusu huwa hatari. Wako wazazi ambao wangeichukua kuwa sababu ya kuahirisha kushona kaakaa. Mtoto asiyeshonwa kaakaa hupata taya zuri, lakini hukosa usemi unaoeleweka, chakula humtokea puani, na masikio yake huugua mara kwa mara. Hakuna timu ya madaktari inayopendekeza biashara hiyo. Kaakaa hushonwa mapema kwa ajili ya lugha, na gharama yake kwa taya hulipwa baadaye, ikibidi.

Kundi la pili ni dogo lakini zito zaidi: watoto wenye maradhi ya kurithi kama Crouzon na Apert, ambao mishono ya fuvu na uso wao hufunga kabla ya wakati. Kwao si taya tu lililobaki nyuma, bali uso wote wa kati pamoja na matundu ya macho. Macho huonekana yanatoka nje kwa kuwa mifupa haikuyafunika, na pumzi inaweza kuwa shida tangu siku za kwanza.

Kuna pia familia ambazo taya fupi la juu ni umbo lao tu, linalopita kutoka kwa babu hadi mjukuu. Kwa vyovyote vile, ni vyema kusema waziwazi kwamba mama hakusababisha hali hii kwa kushika kisu wakati wa ujauzito, wala kwa kumcheka mtu, wala kwa kutazama mwezi ulipopatwa. Lawama hizo bado zimevunja ndoa, pwani na bara.

Mguu kwanza, uso baadaye

Fikra ya kurefusha mfupa kwa kuuvuta haikuanzia usoni. Mwaka 1905 Alessandro Codivilla wa Bologna, Italia, alieleza jinsi alivyorefusha miguu mifupi kwa kukata mfupa na kuuvuta kwa nguvu. Wagonjwa wake waliumia sana, kwa kuwa alivuta kwa haraka.

Aliyegundua siri ya mwendo wa polepole alikuwa Gavriil Ilizarov, daktari wa Kisovieti aliyefanya kazi Kurgan, Siberia, kuanzia miaka ya 1950. Aliona kwamba mfupa uliokatwa kwa uangalifu, ukaachwa siku chache, kisha ncha zake zikatenganishwa kwa takriban milimita moja kwa siku, hujaza pengo hilo wenyewe kwa mfupa mpya. Ukivutwa haraka kuliko hivyo, pengo hujaa nyama ya kovu. Ukivutwa polepole mno, mfupa huunga kabla ya kazi kwisha. Nchi za Magharibi hazikumjua kwa miaka mingi, mpaka mpanda milima wa Kiitalia Carlo Mauri alipokwenda Kurgan mwaka 1980 na mguu uliokuwa umekataa kupona tangu alipouvunja miaka mingi nyuma, akarudi kwao anatembea vizuri. Madaktari wa Italia walitaka kujua nani amemtibu.

Kutoka mguu hadi uso kulihitaji ujasiri. Mwaka 1992 Joseph McCarthy na wenzake wa New York walitangaza kwamba wamerefusha taya la chini la watoto wanne kwa njia hiyo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1997, John Polley na Alvaro Figueroa wa Chicago walieleza kifaa cha kuvuta taya la juu kinachoshikwa na duara la chuma kuzunguka kichwa. Tangu hapo njia hii ilienea haraka Ulaya, Ubelgiji ikiwemo.

Ubelgiji yenyewe ilitoa mchango wake. Mwaka 1999 Maurice Mommaerts, daktari wa upasuaji wa uso aliyekuwa Bruges na ambaye baadaye alihamia hospitali ya UZ Brussel katika mtaa wa Jette, alieleza kifaa kidogo kinachowekwa juu ya kaakaa ili kutanua taya lililo jembamba. Vifaa vya zamani vya kutanua vilishika meno, na meno yaliweza kuinama au kulegea. Chake kilishika mfupa wenyewe. Hicho hutumika zaidi kwa vijana na watu wazima ambao mshono wa katikati ya kaakaa umekwisha kukaza. Kwa mtoto mdogo, kifaa cha kawaida kinachoshika meno hutosha.

Kazi inavyofanyika

Mtoto hupewa dawa ya usingizi. Daktari hufungua ndani ya mdomo, juu ya fizi, hivyo hakuna kovu linaloonekana usoni. Kisha hukata mfupa wa taya kwa mlalo, juu ya mizizi ya meno. Mstari anaoufuata unaitwa Le Fort ya kwanza, kwa jina la René Le Fort wa Lille, Ufaransa, ambaye mwaka 1901 alichapisha majaribio ya kupiga mafuvu ya maiti ili kujua uso hupasukia wapi. Alipata mistari mitatu. Ule wa tatu hutenga uso wote na fuvu, nao ndio unaofuatwa kwa baadhi ya watoto wenye Crouzon na Apert. Ni operesheni nzito, inayofanywa katika vituo vichache tu.

Katika upasuaji wa kawaida wa watu wazima, taya likishakatwa husogezwa papo hapo mpaka mahali panapotakiwa na kufungwa kwa vibati na skrubu. Kwa mtu mwenye kovu gumu la kaakaa, kulisogeza milimita 10 au zaidi kwa mkupuo mmoja ni kushindana na nyama isiyotaka kunyooka, na taya huwa na tabia ya kurudi nyuma. Hapo ndipo kifaa cha kuvuta, ambacho wataalamu hukiita distrakta, kinapopata nafasi yake. Taya halisogezwi siku hiyo. Hukatwa, hufungwa kifaa, na kuachwa.

Baada ya siku tatu hadi saba, uvutaji huanza. Skrubu huzungushwa kwa ufunguo mdogo, kwa kawaida asubuhi na jioni, mpaka jumla ya milimita moja kwa siku. Baada ya majuma mawili taya limekwenda mbele milimita 12 au 14, na pamoja nalo ngozi, misuli na mishipa imepata muda wa kunyooka. Kwa mtoto anayetazamiwa kuendelea kukua, madaktari hupitisha kipimo kwa makusudi, maana taya la chini litaendelea kurefuka. Kisha hufuata miezi miwili au mitatu ya kungoja mfupa mchanga ugumu.

Distrakta ni za aina mbili. Ile ya nje ina duara la chuma linaloshikiliwa na pini kwenye mfupa wa kichwa, na fimbo inayoshuka mbele ya uso, ambayo waya zake huvuta bamba lililofungwa kwenye meno. Haipendezi kutazamwa. Mtoto halali kifudifudi, hachezi mpira, na watu hugeuka njiani. Lakini daktari anaweza kubadilisha mwelekeo wa uvutaji siku yoyote, na kuiondoa ni kazi ndogo. Ile ya ndani ni ya madini ya titani na hufichwa chini ya nyama ya shavu. Kinachotokeza ni ncha ya skrubu tu ndani ya mdomo. Mtoto anaweza kurudi shuleni mapema. Kasoro yake ni kwamba mwelekeo huamuliwa siku ya upasuaji na haubadiliki tena, na kuiondoa huhitaji kulazwa mara ya pili.

Anayezungusha ufunguo nyumbani ni mzazi. Hili halipewi uzito unaostahili katika vitabu vya madaktari. Mama au baba hufundishwa hospitalini, hupewa karatasi ya kuandika tarehe na saa, na huambiwa azungushe upande mmoja tu, kwa kufuata mshale. Akizungusha kinyume, kazi ya siku hurudi nyuma. Wengine hutetemeka mkono jioni ya kwanza. Maumivu huwa ya kubana zaidi kuliko ya kukata, na dawa za kawaida huyatuliza, lakini mtoto anayeuona ufunguo unakuja hulia kabla haujamgusa.

Brussels yapendekeza mpira badala ya msumeno

Njia iliyoliletea jina jiji hili katika fani hii haikati mfupa kabisa. Hugo De Clerck, daktari wa kupanga meno mwenye kliniki yake Brussels, alijiuliza kama mishono ya taya la mtoto, ambayo bado haijakaza, haiwezi kuvutwa ikiwa mzima.

Wazo la kuvuta bila kukata halikuwa jipya. Jean Delaire wa Nantes, Ufaransa, alikuwa amekwisha kueneza kinyago cha waya kinachoegemea paji la uso na kidevu, kikivuta meno ya juu kwa raba. Kinyago hicho ni cha bei nafuu na bado kinatumika duniani kote. Hufaa zaidi kwa watoto wadogo, kabla ya miaka 10 hivi, na huvaliwa saa 12 hadi 14, hasa usiku. Lakini kwa kuwa kinashika meno, sehemu ya nguvu hupotea: meno husogea mbele na taya hubaki nyuma. Tena mtoto akikivua usiku, hakuna anayejua.

De Clerck aliacha meno, akashika mfupa. Daktari wa upasuaji huweka vibati vinne vya titani: viwili juu, chini ya mifupa ya mashavu, na viwili chini, karibu na meno ya chonge. Ncha ya kila kibati hutokeza kidogo ndani ya mdomo kama ndoana. Raba ndogo hufungwa kutoka kibati cha juu nyuma hadi cha chini mbele, kila upande. Mtoto hula, husoma na hulala nazo, na hubadilisha raba mwenyewe. Nguvu huanza na gramu 150 kwa kila upande, ikapandishwa hadi 200 baada ya mwezi mmoja, na 250 baada ya miezi mitatu. Ni nguvu ndogo, lakini haina mapumziko mchana wala usiku. Matibabu huchukua mwaka mmoja hivi.

Mwaka 2010 De Clerck na wenzake wa Marekani na Italia walichapisha matokeo ya watoto 21 waliotibiwa hivyo, wakiwa na wastani wa karibu miaka 12, wakilinganishwa na wengine ambao hawakutibiwa. Taya la juu la waliotibiwa lilikuwa limekwenda mbele takriban milimita nne zaidi. Ripoti nyingine ya mwaka 2011, iliyohesabu vibati 100, ilionyesha kwamba asilimia 97 vilidumu imara.

Milimita nne si nyingi, mtu atasema. Kwa mtoto ambaye pengo lake ni milimita tano, ni tofauti kati ya kupasuliwa na kutopasuliwa. Kwa mtoto ambaye pengo lake ni milimita 15, hazitoshi. Na dirisha lake ni jembamba: kabla ya miaka 10 mfupa wa juu ni laini mno kushika skrubu na meno ya chonge ya chini hayajatoka, baada ya miaka 13 au 14 mishono huanza kukaza. Mzazi anayefika kliniki mtoto akiwa na miaka 15 huwa amechelewa kwa njia hii, hata kama hana kosa.

Ulizeni hatari zake

Ubishi mkubwa ni juu ya umri wa kukata. Taya la mtoto limejaa machipukizi ya meno ya ukubwani ambayo hayajatoka, na msumeno unaweza kuyaharibu. Isitoshe, taya lililokatwa utotoni kwa kawaida haliendelei tena kukua mbele kwa nguvu zake, ilhali la chini linaendelea. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji akiwa na miaka minane anaweza kuonekana amepona kabisa akiwa na miaka tisa, na kuhitaji operesheni nyingine akiwa na miaka 18. Ndiyo maana madaktari wengi wa Ulaya hupendelea kungoja mpaka ukuaji ukome, isipokuwa pumzi, macho au mateso ya mtoto shuleni hayasubiri. Sababu hii ya mwisho haina kipimo, na pengine ndiyo inayogawanya zaidi timu za madaktari na familia. Mpasuaji huona mfupa ambao ungefaa kungojewa. Mzazi huona mtoto asiyetaka kutoka nyumbani.

Jambo la pili ni usemi. Taya likienda mbele, kaakaa laini huenda nalo, na linaweza kushindwa kufunga njia ya pua wakati wa kusema. Mtoto aliyekuwa akisema vizuri huanza kusema king'ong'o. Kwa hiyo mtaalamu wa matamshi humpima kabla na baada, na baadhi ya watoto huhitaji upasuaji wa kaakaa baadaye. Familia nyingi hulisikia jambo hili mara ya kwanza baada ya operesheni. Ni afadhali kuliuliza kabla.

Je, kuvuta taratibu ni bora kuliko kusogeza mara moja? Jaribio lililofuatilia wagonjwa kwa miaka mitano Hong Kong lilionyesha kwamba taya lililovutwa hubaki mahali pake vizuri zaidi, bila kuwa na tofauti kubwa katika usemi. Lakini wachambuzi wa shirika la Cochrane, waliopitia tafiti zote mwaka 2016 na tena 2018, walikuta kwamba ushahidi unaokubalika ulitokana na jaribio hilo moja tu, lenye watu 47, nao wakauita dhaifu. Mengi yanayosemwa kwa uhakika juu ya vifaa hivi, basi, ni uzoefu wa wapasuaji, na uzoefu hutofautiana.

Hatari nyingine ni zile za upasuaji wowote: damu, maambukizo, ganzi ya mdomo inayodumu kwa muda, skrubu inayolegea. Kwa familia zenye asili ya Afrika Mashariki na Kongo kuna moja ya kuongeza. Mtoto mwenye selimundu huhitaji maandalizi maalumu kabla ya dawa ya usingizi, na daktari wa Ulaya ambaye hakuambiwa anaweza asifikirie kuuliza. Semeni hata kama hamjaulizwa.

Afrika Mashariki

Upasuaji wa kurekebisha viungo una historia ndefu katika eneo letu. Mwaka 1957 wapasuaji watatu wa fani hiyo, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege iliyokuja kuwa AMREF. Operation Smile, lililoanzishwa Marekani mwaka 1982, na Smile Train, la mwaka 1999, yamegharimia kushonwa kwa midomo na makaakaa ya maelfu ya watoto wa Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo, mara nyingi bila malipo kwa familia. Hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam, na CoRSU iliyofunguliwa Uganda mwaka 2009 kando ya barabara ya Entebbe, zimeifanya kazi hiyo kuwa ya kila siku. Vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Muhimbili hufundisha madaktari wa meno na wa upasuaji wa kinywa na uso.

Ugumu unaanzia baada ya mshono. Kambi ya upasuaji huhesabu midomo iliyoshonwa. Haihesabu mataya miaka kumi baadaye. Mtoto aliyeshonwa Kigoma au Bukavu akiwa na mwaka mmoja hana mtu wa kumpima akiwa na miaka minane, wakati kinyago cha Delaire kingeweza bado kumsaidia kwa gharama ndogo. Anaporudi hospitalini, mara nyingi ni kijana wa miaka 17 ambaye kilichobaki kwake ni msumeno.

Distrakta zenyewe zinaweza kununuliwa na daktari wa kuziweka anaweza kupatikana katika miji mikubwa. Kinachokosekana mara nyingi ni miezi mitatu inayofuata. Kifaa kinachozungushwa kila siku kinadai mtu wa kukikagua kila juma, na familia iliyotoka safari ya siku mbili kwa basi haina mahali pa kukaa mjini kwa muda huo. Daktari anayekataa kumwekea mtoto distrakta kwa sababu hiyo hamnyimi haki yake, huenda anamlinda.

Kwa walio Ubelgiji

Brussels ina hospitali tatu za vyuo vikuu zinazowapokea watoto wenye matatizo haya: Saint-Luc iliyopo Woluwe-Saint-Lambert, ambayo ina kituo maalumu cha mipasuko ya mdomo na kaakaa; hospitali ya watoto ya Reine Fabiola huko Laeken; na UZ Brussel huko Jette, ambayo lugha yake ni Kiholanzi. Mgonjwa huanzia kwa daktari wake wa kawaida au daktari wa watoto, ambaye huandika barua. Katika kliniki hukutana na timu: mpasuaji, daktari wa kupanga meno, wa masikio na pua, mtaalamu wa matamshi, na mara nyingi mtaalamu wa saikolojia.

Bima ya afya ni ya lazima nchini humo, na kila mkazi hujiunga na chama cha bima anachokichagua. Kabla ya tarehe ya upasuaji kupangwa, ombeni makadirio ya gharama kwa maandishi, kwa kuwa matibabu ya kupanga meno hulipwa kwa masharti ya umri na kwa kibali kinachoombwa mapema. Asiye na karatasi za ukaazi naye hakuachwa nje kabisa: amri ya kifalme ya Desemba 12, 1996 iliweka msaada wa dharura wa matibabu kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya kila manispaa, ambayo kwa Kifaransa huitwa CPAS na kwa Kiholanzi OCMW. Licha ya jina lake, msaada huo haukuhusu ajali tu, bali pia kinga na tiba nyingine ambazo daktari atathibitisha kwa hati kuwa zinahitajika. Kama uvutaji wa taya unaingia humo huamuliwa kwa kila mtoto, na sababu ya pumzi hupokewa vizuri kuliko sababu ya sura.

Familia inayotazamia kurudi nyumbani kabla vibati havijaondolewa iombe ripoti ya upasuaji kwa Kiingereza, si Kifaransa au Kiholanzi pekee, pamoja na picha za eksirei. Ripoti hiyo itaje jina la mtengenezaji wa kifaa na aina ya skrubu zilizotumika. Vichwa vya skrubu hizo hutofautiana kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, na mpasuaji wa Mombasa au Kampala asiye na bisibisi inayolingana nazo atalazimika kuiagiza ng'ambo kabla ya kumpangia mtoto siku.